Mpini wa Bwana Misitu

Itangazwe kwa wakazi wote wa delta ya Rufiji, wenye mitumbwi na wanaoazima, kwamba katika likizo ya mwezi wa Julai, mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na nane, mwanachuoni Kibwana bin Salumu, mjuzi wa Kiingereza, hesabu na jiografia ya nchi za baridi, aliwasili Mbuchi kutoka shule ya bweni ili kuwaangazia jamaa zake.

Mwanachuoni alikataa kushikwa mkono wakati wa kushuka mtumbwini, akazama matopeni hadi mapajani. Binamu yake Fatu ndiye aliyemvuta.

"Elimu nzito," Fatu alisema. "Ungeiacha huko huko shuleni."

Kibwana alifikia kwa mjomba wake, Mzee Mwinyimvua, babake Fatu, mchonga pondo. Pondo ni ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na Mbuchi mtu haokoti pondo kama anavyookota kuni. Mzee Mwinyimvua alimtazama kwanza mwenye haja akisukuma mtumbwi, kwenda na kurudi, akamshika viwiko, ndipo akaingia msituni. Mwenye mikono ya nguvu na haraka alipewa mti mgumu. Mwenye mikono ya polepole alipewa mti unaopinda na kurudi, ili mti wenyewe umsaidie. Kwa miaka thelathini hakurudishiwa pondo hata moja. Na mchongaji akirudishiwa, desturi ilijulikana: huweka chini tezo yake ya kuchongea, humwendea mwenye pondo kwa miguu yake, huomba radhi, wala haishiki tena tezo mpaka asamehewe.

Wiki hiyo hiyo akaja Bwana Misitu, Mwingereza mwenye mvi aliyeletwa kuhesabu mikandaa, ile mikoko ya mti mgumu, ya Serikali. Alikuwa na miezi miwili tu nchini, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Alimjia mzee akitaka mpini mpya; mkononi alishika fimbo ya gofu iliyovunjika mpini, yenye kichwa cha mbao kama kwato. Kibwana aliwaeleza watu kwa upole wa mwalimu kwamba gofu ni mchezo wa kupiga kijipira mpaka kipotee, kisha kukitafuta. Bwana Misitu alikuwa akiucheza kwenye mabua ya mpunga uliokwisha kuvunwa, na fimbo hiyo kubwa ndiyo ya kuanzia, ya kupigia mbali.

Mzee Mwinyimvua alimpa kijiti, akamwashiria apige hewa. Bwana Misitu akapiga mara tano. Mzee akamshika viwiko.

"Mikono ya polepole," alimwambia Kibwana; wao wawili waliitana mjomba. "Huyu mtu wa mkole, mti unaopinda. Lakini muulize, mjomba. Mtu hujijua mwenyewe."

Kibwana akauliza. Bwana Misitu akajibu bila kuona haya kwamba mikono yake imezeeka, kwamba bega lake lilijeruhiwa vitani, na ule mpini uliovunjika ulikuwa mgumu mno, ukimwumiza. Angeshukuru akipata kitu laini.

Kibwana akawatupia jicho Fatu na vijana waliokaa juu ya vinu. Tangu asubuhi alikuwa amewaahidi kichekesho.

"Anasema yeye simba," akafasiri, uso umemkaa kama wa kadhi. "Anataka mgumu kuliko yote. Mkandaa. Ati mti laini ni wa vikongwe."

Mzee Mwinyimvua akaitazama tena mikono ya Mwingereza.

"Amesema hivyo?"

"Neno kwa neno, mjomba."

"Basi macho yangu yamenidanganya."

Siku kumi mzee alikaa na mkandaa ule. Aliukausha kwa moshi, akauparaza, akausugua kwa majani ya msasa mpaka ukang'aa, akaufunga kichwa kwa ulimbo na uzi wa nyavu. Ulikuwa mzuri kuutazama, na haukupinda hata kidogo.

Ijumaa, baada ya sala, watu walijaa pembeni mwa mabua. Bwana Misitu akapiga. Kijipira kikakimbilia kulia, kikaingia mikokoni. Akapiga tena, safari hii kichwa cha fimbo kikachota ardhi. Mpini ulikataa kupinda, na kishindo chote kikapanda begani. Mwingereza akakaa chini juu ya mabua, ameshika bega, uso umemwiva kisha ukapauka.

Hakuna aliyecheka. Kibwana alikuwa na kicheko tayari mdomoni, kikamkaa kama muhogo wa moto, hakimezeki wala hakitemeki.

"Jicho la mzee limekufa," Mshamu, mkata mikandaa, alisema wala hakunong'ona. "Na mimi nilimwagiza pondo. Bora niende kwa mchongaji wa Salale."

Bwana Misitu alinyanyuka, akamrudishia mzee ile fimbo kwa adabu, akaenda zake. Mzee Mwinyimvua akaibeba begani, akapita nayo katikati ya watu. Nyumbani akaiweka tezo juu ya mkeka, akaifunika kwa kitambaa.

"Baba hajala," Fatu alimwambia Kibwana jioni.

"Amechoka."

"Hakuchoka. Na wewe, mbona leo huchekeshi mtu?"

Kwa siku mbili Kibwana alizunguka nyumba akitafuta pa kuanzia kusema. Maneno aliyapanga kwa Kiingereza, kwa kuwa kwa Kiingereza yalionekana kama makosa ya mtu mwingine. Akija mbele ya mjomba wake, akauliza kama maji ya kunywa yapo.

Siku ya tatu mzee akavaa kanzu yake ya Idi, akaichukua ile fimbo.

"Mjomba, twende ukanifasirie."

Walimkuta Bwana Misitu mbele ya hema lake, mkono umetundikwa kwa kitambaa. Mzee Mwinyimvua alisimama. Alipokaribishwa kiti, hakukaa.

"Mwambie: nilikuona kwa macho yangu, nisikujue. Mikono yangu imekuumiza. Naomba radhi, na usiponipa, tezo yangu nitaigawa."

Safari hii Kibwana alifasiri neno kwa neno kwelikweli.

Bwana Misitu akashangaa. Alisema yeye ndiye mwenye kosa: aliomba laini, akaletewa mgumu, akadhani fundi anajua zaidi, akanyamaza. Lakini angependa kujua, kwa nini fundi alichagua mgumu?

"Anasemaje?" mzee aliuliza.

"Anasema si kitu."

Mwingereza akamtazama Kibwana. Maneno mengi hivyo, na jibu fupi hivyo. Akavunja kijiti kibichi kando ya hema, akakipinda kwa goti, kikarudi, akakigusisha kifuani mwake mara mbili. Kisha akaigusa ile fimbo ya mkandaa, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye mdomo wa Kibwana.

Mzee Mwinyimvua aliyekuwa akisoma mikono ya watu kwa miaka thelathini aliusoma na mkono huo.

"Kibwana," alisema. Hakumwita mjomba. "Siku ile alisema nini?"

"Alisema laini." Kibwana alitazama vidole vya miguu yake. "Alisema mikono imezeeka na bega lina jeraha. Ulivyoona ndivyo alivyosema. Mimi ndiye niliyegeuza. Nilitaka watu wacheke."

Mzee alikaa kwenye kile kiti alichokikataa.

"Haya," alisema. "Mwambie na yeye."

Kibwana akamgeukia Bwana Misitu. Kile Kiingereza alichokipanga kwa siku mbili hakikuja, yakaja maneno machache tu: mzee hakukosea, mimi nilisema uongo. Akayasema. Kisha, kwa kuwa Mwingereza alimwinamia kama asiyesikia vizuri, ikambidi ayaseme tena, kwa sauti zaidi.