Mwonjaji Asiyemeza

Kazi yangu ni kuonja kahawa na kuitema. Kwa miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya meza ya duara inayozunguka polepole, nikifyonza kila kikombe kwa kijiko mpaka mlio usikike, nikiupa ulimi muda wa kuhukumu, kisha nikitema kwenye ndoo na kuandika alama. Anayemeza huharibu uamuzi wake kabla ya kikombe cha ishirini. Kazini kanuni hiyo haijawahi kuniangusha.

Talaka ilipotoka, kila kilichogawika kiligawiwa. Mimi nilipanga nyumba mtaa wa Pasua, hapa Moshi. Elisifa alibaki Shirimatunda na ng'ombe wake wawili wa maziwa. Majina hayakugawika. Mpaka leo mimi ni Baba Kindness, naye ni Mama Kindness, na mwenye jina, aliyekuwa na miaka minane, alihama na begi lake kila Jumapili, wiki kwangu, wiki kwa mama yake.

Bi Gladys, afisa ustawi wa jamii, alisema angependekeza mpango huo uendelee kwa sharti moja: tuhudhurie pamoja darasa la wazazi waliotengana, lolote tutakalolichagua wenyewe. Alitupa mpaka Ijumaa ya mwisho ya Julai. Tukishindwa kukubaliana hata juu ya darasa, angekubali shauri la Godwin, kaka yake Elisifa, aliyekwisha kumtafutia mtoto nafasi katika shule ya bweni huko Iringa.

Julai, Moshi, ni mwezi wa kutilia mambo shaka. Ukungu hushuka mpaka kwenye mapaa, na mgeni akiambiwa kwamba hapa hapajawahi kuwa na mlima, hana hoja ya kupinga. Katika weupe huo tulitembelea madarasa.

La kwanza lilikuwa la simu. Sauti ya mwanamke ilituagiza tufumbe macho na kumwona mtoto wetu akitembea bustanini. Nilifumba. Bustani niliiona, mtoto sikumwona. La pili, katika ukumbi wa parokia yangu, liliongozwa na mume na mke ambao kwa miaka thelathini hawakutengana hata siku moja, nao walieleza kutengana kama mtu wa bondeni anavyoeleza theluji. La tatu lilikuwa kwa Walutheri, usharikani kwao Elisifa, kila Jumatano saa kumi. Mwinjilisti Kornel alikuwa na chati ya rangi tatu na birika la kahawa iliyochemshwa, ikapoa, ikachemshwa tena. Nilipokea kikombe kwa adabu, nikatoka nje, nikaitemea migomba.

Baada ya kila darasa Elisifa aliniuliza kama linafaa, nami nilimweleza kasoro zake kwa mpangilio. Yeye, alisema, lolote lingemtosha. Jumatano hiyo, zikiwa zimebaki siku mbili, hakuuliza tena.

"Baba Kindness," alisema, "wewe unaonja tu. Humezi."

Alhamisi mchana nilisinzia kitini, kazini. Meza ilikuwa ikizunguka bila kusukumwa na mtu. Juu yake hapakuwa na vikombe. Kulikuwa na ukumbi wa parokia, mdogo kama kiberiti, na birika la Kornel, na ng'ombe wawili waliosimama kimya, na katikati ameketi Kindness na begi lake magotini. Kila alipopita mbele yangu niliinua kijiko, naye alinitazama bila kuniomba kitu. Niliandika alama. Kalamu haikuacha wino, na meza ilikuwa ikimpeleka upande wa pili, kwenye ukungu.

Simu iliniamsha. Elisifa alinitaka nifike Shirimatunda nikaone kazi ya mtoto wangu.

Nilimkuta Kindness uani. Alikuwa amepindua ndoo, na juu yake amepanga vikombe vitatu, viwili vya maziwa na kimoja kitupu. Alichota kwa kijiko, akafyonza kwa mlio, akatafakari, akatema shinani mwa mgomba, akaandika. Katika nyumba ile maziwa hayatemwi. Maziwa ni majani ya ng'ombe ambayo mama yake huyabeba kichwani kila asubuhi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona hunywi?"

"Nikimeza sitaweza kuamua. Wewe ndiye uliyesema." Alinionyesha karatasi. Kwa Baba, themanini na mbili. Kwa Mama, themanini na mbili. "Mjomba Godwin ameniuliza nachagua wapi. Hiki kitupu ni shule ya bweni. Sijakionja."

"Leo ni siku ya pili," alisema Elisifa, akiutazama mgomba. "Hajameza kitu cha nyumba hii."

Nilikaa chini. Nilichukua kikombe kilichoandikwa kwa Mama na kukinywa chote, bila kijiko. Maziwa yalikuwa ya vuguvugu, yenye harufu ya moshi. Kindness alilifuatilia koo langu kama mtu anayehakiki mzani, na nilipomaliza akasubiri niandike. Sikuandika.

"La Mwinjilisti Kornel," nilimwambia Elisifa.

"Lile la kahawa uliyoitemea migomba?"

"Uliniona?"

"Usharika mzima ulikuona."

Kindness alivuta kikombe cha maziwa kilichobaki, cha Baba. Alikunywa nusu. Nusu aliiacha, akasema ataifikiria.

Ijumaa tulitia saini mbele ya Bi Gladys, ambaye hakutupongeza. Jumatano iliyofuata, saa kumi, nilikaa kwenye benchi la usharika, Elisifa kulia kwangu, chati ile ile ukutani. Sikuiamini hata rangi moja. Birika lilipofika nilimiminiwa kikombe kamili; kahawa ilikuwa imechemshwa mara tatu safari hii, na ilibaki kooni kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kornel alitaka kila mzazi aseme amefuata nini darasani.

Nilisema nimekuja kumeza. Alifikiri kidogo, kisha akaliandika neno hilo kwenye chati, kwa rangi ya kijani.