Mlango wa Nyuma wa Ndege ya Jumanne

Wasafishaji hupewa dakika kumi na mbili kwa ndege moja. Jumanne hiyo asubuhi, Machi 2009, theluji ilikuwa inaanguka kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda, Sweden. Vénant alikuwa na mashine ya kufyonza vumbi, na Wamuyu, msimamizi wake Mkenya, alikuwa chooni na brashi. Vénant alifungua mlango wa nyuma atoe mfuko wa takataka, na nje palikuwa Bujumbura.

Chini ya ngazi alisimama mama yake, Spéciose, amevaa kitenge cha kanisani.

"Funga mlango, Baba Kelly, unaniletea mbu," Wamuyu alisema.

"Mama yangu yuko nje."

"Basi msalimie. Umebakiza dakika saba."

Kompyuta ya maktaba ilisema ni kilomita elfu saba na kitu, saa kumi na saba ukibadilisha ndege. Kwa mlango ule ilikuwa hatua moja. Vénant hakuipiga. Hati yake ya ukimbizi ilifaa nchi zote isipokuwa Burundi. Akikanyaga kule, Sweden ingesema hana tena anachokikimbia, na mwanawe Kelly alikuwa darasa la nne huku Norsborg.

Mama naye alishanyimwa viza mara mbili. Alipanda ngazi hadi kipandio cha mwisho, akasimama hapo. Hakuwa mtu wa kuingia kwa watu bila kukaribishwa.

"Umenenepa," alisema. "Wanakulisha nini huko?"

"Viazi, mama."

"Viazi hata kwetu Bwiza vipo. Ndivyo ulivyofuata mbali hivyo?"

Ikawa hivyo kila Jumanne. Wamuyu alipanga zamu ili Vénant asikose hata moja. Kufikia Juni mama alikuwa anakohoa na kuishia katikati ya ngazi. Kufikia Septemba aliongea kutoka chini, ameketi kwenye kiti cha plastiki, na Vénant alilazimika kuzima mashine ili amsikie. Aliandikia ofisi ya wahamiaji akiomba ruhusa ya hatua moja. Baada ya wiki tatu walimjibu kwa heshima: ruhusa hakuna, kwa kuwa sheria haikutaja umbali.

Novemba alifungua mlango akakuta jeneza. Kaburi lilikuwa limechimbwa palepale chini ya ngazi. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeomba hivyo, kwa kuwa mwanawe alikuwa na dakika kumi na mbili tu. Padri alisoma haraka. Watu wa Bwiza wakageuka, wakamtazama mwana mkubwa.

Mdogo wake, Sixte, alipanda na udongo kwenye sahani.

"Shuka, kaka. Ni hatua moja."

"Naijua."

Sixte akanyoosha sahani. Vénant alichota udongo, akaurusha akiwa amesimama ndani. Nusu ulifika kwenye jeneza. Nusu ulimwagika kwenye zulia.

"Pole, Baba Kelly," Wamuyu alisema. "Dakika tatu."

Abiria wa Oslo walikuwa wameshapanga foleni. Vénant alifunga mlango, akawasha mashine, akafyonza zulia mpaka likawa safi. Mfuko wa mashine ulipojaa aliufunga na kuubandika karatasi iliyoandikwa takataka za ndani ya ndege. Mchana mfuko ukapelekwa kuchomwa pamoja na mingine.