Paa la Mama Philomène

Mtu akikuambia anataka kufanya sherehe juu ya paa, hapa Goma, mwezi wa kumi na moja, muulize kwanza kama amekunywa chai. Direkta Léopold alikuwa amekunywa chai, tena vikombe viwili, na bado akasema.

"Kampuni inatimiza miaka kumi," aliwatangazia wafanyakazi wake Jumatatu asubuhi. "Tutafanya sherehe juu ya paa. Niliona ile kitu Nairobi. Batu wanasimama juu, glasi mukononi, muji wote uko chini yao. Sisi tuko na ziwa upande huu, na volkano upande ule. Laurence, tafuta paa."

Kila mtu akatazama dirishani, maana kulikuwa kunanyesha wakati huo huo. Ni nani atambishia direkta siku ya Jumatatu?

"Sawa, Papa Direkta," akasema Laurence.

Huyu Laurence Nishimwe alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kwa miaka mitatu alikuwa akipanga kila jambo la kampuni ile ya maziwa na fromaji, yaani jibini, ya Masisi: wageni, viti, chakula, sono ya muziki, hata maua. Lakini kontra hakuwa nayo. Alikuwa akiitwa kazi inapokuja na kurudishwa nyumbani kazi inapokwisha, na kanisani kwao watu walimtaja kama "yule anayesaidia-saidia pale kwenye fromaji". Neno lile lilimuuma. Alilimeza kila Jumapili pamoja na mahubiri.

Direkta akamwita pembeni. "Tusikilizane. Wageni wangu wakirudi nyumbani wakiwa wakavu, unasaini kontra, unakuwa mukubwa wa protokole. Wakilowa, mwaka ujao nachukua ajansi ya Kinshasa inipangie sherehe. Nayo iko na batu wake."

Basi. Mambo ndiyo hayo: wageni wakavu, au Laurence arudi nyumbani moja kwa moja.

Bienvenu, kijana wa matangazo, alikwisha piga picha za mapaa matano kwenye simu yake, yote yaking'aa kwa jua. Laurence hakuzitazama hata moja. Alikuwa na kanuni yake, aliyoipata kwenye harusi za parokia baada ya keki tatu kuharibika: mahali pa sherehe haendi kupaona wakati wa jua. Anangoja mvua ishuke, ndipo anakwenda. Kesho yake saa nane mchana, mawingu yalipotoka upande wa Masisi yakiwa meusi, wenzake wakakimbilia kufunga madirisha, naye akavaa boti za plastiki, akachukua mwavuli, akatoka.

Motari aliyejikinga chini ya kibanda cha vocha alimkatalia katakata. "Mama, mvula yote hii! Uko na mugonjwa?"

"Niko na paa. Twende Keshero."

"Paa inakufa?" akauliza yule motari, lakini akawasha pikipiki.

Keshero kulikuwa na hoteli mpya, na juu yake terasi iliyofunikwa kwa mabati. Pazuri, ziwa lote liko mbele yako. Lakini mvua ilipiga yale mabati mpaka meneja wa hoteli akawa anafungua mdomo na kuufunga bila sauti kutoka. Alikuwa anaeleza jambo kuhusu bia, au kuhusu bei, Laurence hakuambulia kitu. Hotuba ya direkta ingepotea yote pale. Wafanyakazi wangeshukuru, ila direkta asingeshukuru. Akashika njia ya mjini. Paa la pili lilikuwa wazi, limezungushiwa ukuta mfupi, na maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu, viti vya plastiki vikielea. Mlinzi wa pale alimwambia maji yanakauka vizuri sana, wiki moja tu.

La tatu lilikuwa la Mama Philomène, mjane muuza maharagwe. Alikuwa na nyumba ya etaje mbili, na hamu kubwa ya kuongeza ghorofa ya tatu. Juu kulikuwa na zege tupu, na vyuma vya nguzo vimesimama pande zote, vikingoja hiyo etaje ambayo ilikuwa inakuja tangu miaka sita. Laurence akasimama katikati ya paa lile huku mvua ikimchapa, akatazama chini. Maji hayakusimama hata kidogo. Yalikuwa yanateremka taratibu kuelekea nyuma, yanaingia kwenye tiyo, bomba moja nene, yanakwenda zake. Akasikia raha, akacheka peke yake. Fundi aliyemwaga zege lile alijua kazi. Na vile vyuma, si ndivyo vya kufungia shitingi, yale maturubai ya plastiki?

"Paa kamata," Mama Philomène akamwambia kutoka ngazini. "Hata pesa sitaki, kisha muniachie fromaji moja kubwa. Kitu ni kimoja tu: mvula ikikuja, muiache iende kwenye inaendaka."

"Hakuna shida, Mama. Hatutaziba tiyo yako."

Alidhani mama anaogopa nyumba kuvuja. Angeuliza swali moja tu! Lakini alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hana muda wa kuuliza. Tena mtoto wa Goma yule, aliyekua na bidoni ya maji kichwani. Hapo ndipo ninapomlaumu.

Bienvenu alipoliona lile paa alishika kiuno. "Laurence, vile vyuma! Ni kama nyumba haijachana nywele."

"Ngoja niichane," akajibu.

Akaichana kweli. Kwa siku nne alifunga shitingi kubwa nyeupe kwenye vile vyuma, akazivuta zikakaza. Kwa kuwa wageni wangekaa upande wa nyuma, unaotazama ziwa, akainua shitingi huko nyuma na kuzishusha mbele, maji yote yamwagike upande wa barabara, mbali na viatu vya watu. Akafunika vyuma kwa vitambaa vya kijani. Jumamosi saa nane mchana, wageni walipopanda, hata Bienvenu alisema, "Aka! Sasa hii ni Nairobi."

Walikuja wakuu wa maduka, wenye hoteli, na wafugaji kumi na wawili walioteremka kutoka Masisi na kofia zao na fimbo zao. Mkubwa wao alikuwa muzee Théoneste, aliyeiuzia kampuni maziwa tangu siku ya kwanza. Mvua nayo ikaja, saa tisa na robo, kama mtu aliyepata mwaliko. Ikamwagika kwa nguvu, shitingi zikabeba, na hakuna tone lililogusa mgeni. Watu wakapiga makofi. Laurence alisimama karibu na ngazi, tayari anaiona kalamu atakayosainia.

Direkta akashika mikro. Hotuba yake ilikuwa na kurasa kumi na moja. Alikuwa kwenye ukurasa wa tatu pale Mama Philomène alipotokea ngazini, kitenge kimemgandia mwilini kwa kulowa, bidoni tupu ya manjano mkononi.

"Laurence, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Maji iko wapi?"

"Maji gani, Mama?"

"Kuja uone."

Akamvuta hadi ukingo wa nyuma. Laurence akachungulia. Chini, kuizunguka ile tiyo nene, walisimama majirani kama arobaini wa avenue ile, wanawake, wazee, na watoto, wenye bidoni, beseni, masufuria, mmoja hata na beseni ya kuogeshea mtoto. Wote wamelowa, wote wanatazama mdomo wa tiyo. Na tiyo ilikuwa kavu. Maji yote ya paa yalikuwa yanamwagika upande wa mbele, kwenye mawe ya lava, na mawe yale yanayameza hapo hapo.

"Pompe ya kiosque ya maji imekufa, leo siku ya kumi na tano," akasema Mama Philomène. "Mvula ya paa hii ni ya avenue. Tangu nilimwaga beto iko vile. Nilikuambia uiache iende kwenye inaendaka."

Laurence akahisi aibu ikimpanda kutoka miguuni hadi masikioni. Yeye, binti wa bidoni! Siku zote hizi alikuwa akiwazia viatu vya wageni, na hakujiuliza hata mara moja maji ya zege lile yananywewa na nani.

Dawa yake alikuwa anaijua. Ni kugeuza shitingi: kufungua mbele na kuinua, kufungua nyuma na kushusha, maji yarudi kwenye zege na kwenye tiyo. Ila huko nyuma ndiko wageni walikokaa. Wangelowa, na pamoja nao kontra yake. Angeweza kungoja hotuba iishe, lakini zilibaki kurasa nane, na mvua ya Goma haingoji kurasa nane.

Akamtazama direkta. Akatazama chini tena. Mwanamke mmoja mzee alikuwa ameketi juu ya bidoni yake iliyogeuzwa, amejifunika gunia, anangoja tu.

"Mungu wangu, nisaidie," akasema, akaenda mbele, akamnyang'anya direkta mikro. Ndiyo, alimnyang'anya.

"Mutusamehe," akasema. "Niliiba maji ya avenue hii. Kosa ni yangu mimi, si ya direkta. Nitageuza shitingi sasa hivi. Mutalowa. Mwenye kuogopa maji aende pale ku ngazi, na mwenye kuwa na mikono anisaidie."

Kisha fimbo ikaanguka chini. Muzee Théoneste alikuwa amekwisha simama na kukunja mikono ya koti lake la sherehe.

"Yampaye inka!" akaapa kwa kiapo cha wafugaji. "Munakaa munaangalia nini? Batu wako na kiu huko chini!"

Wafugaji wakamfuata wote, na wale watu wanajua kamba. Mafundo yaliyomchukua Laurence siku nne, wao waliyafungua kwa dakika mbili. Shitingi ya kwanza ikageuka na kumwaga pipa zima la maji juu ya Bienvenu na suti yake ya rangi ya maziwa. Akapiga kelele, kisha akaanza kucheka asiweze kuacha. Wenye hoteli wakavua viatu. Mke wa mmoja wao akapanda juu ya kiti kuvuta kamba, wigi yake mkononi. Mara tiyo ikakohoa huko chini, ikatema majani na uchafu, halafu maji yakatoka kwa nguvu, na kutoka chini vikapanda vigelegele mpaka sono ikawa haisikiki.

Laurence alikuwa ameshikilia kona ya mwisho kwa mikono miwili, maji yakimwingia kwenye mikono ya gauni. Ndipo direkta alipomjia. Alikuwa amelowa kuanzia kichwani, na kurasa zake kumi na moja zilikuwa zimeshikana, wino wote umeteremka. Laurence akafumba macho, akangoja aambiwe.

"Ku page ya kumi," akasema direkta, "niliandika jina la ile ajansi ya Kinshasa. Nilikwisha ongea nao, tangu wiki iliyopita. Sikukungojea hata."

Ilimchoma, zaidi ya mvua. Kumbe yale yote, boti, mwavuli, siku nne za kamba, yalikuwa ya bure tangu mwanzo.

Direkta akachungulia ukingoni, akatazama chini kwa muda mrefu. Mwanamke mmoja akamwona, akainua bidoni yake iliyojaa na kumwita, "Aksanti, Papa Fromaji!"

"Miaka kumi," akasema direkta polepole. "Miaka kumi ya hotuba, na hakuna mutu alishapigia kampuni yangu vigelegele." Akazikunja zile kurasa, akazitupa kwenye ndoo ya taka. "Hawa ba Kinshasa wangeacha nisome mpaka mwisho. Jumatatu uje usaini, Laurence. Kazi ni yako."

Laurence akafungua mdomo amshukuru, na machozi yalikuwa yamekwisha kuja, ya moto, katikati ya mvua ile ya baridi. Lakini kamba ilikuwa inamponyoka.

"Papa Direkta," akasema, "shika hapa kwanza. Kaza!"

Direkta akashika, akakaza.