Inzi Walivyohamia kwa Ismail

Alasiri hiyo Sabaha alikuwa amesimama juu ya stuli uani, akiyavisha machungwa yake soksi za watoto. Soksi alipewa na mpangaji wake Severa, mama wa Kichaga anayeuza mitumba Mchikichini. Zilikuwa zile zilizobaki moja moja, zisizo na jozi. Nyumba yao ya urithi, hapo Kariakoo, ilikuwa imebanwa na maghorofa pande zote, lakini mchungwa ulikuwa ukizaa. Tatizo lilikuwa inzi wa matunda. Chungwa likianza tu kuiva wanalitoboa, wanataga, na ukilimenya unakuta funza. Sabaha alikuwa ameokota yaliyoanguka akayafukia, akatundika na chupa ya siki, wasikome. Soksi ziliwakomesha.

Walipokosa pa kutagia, inzi waliingia ndani wakatua juu ya Ismail, mdogo wake Sabaha, aliyekuwa akinywa chai. Walimkaa mdomoni na shingoni. Severa, aliyeketi pembeni yake, hawakumgusa.

"Wanafuata kilichoiva," Severa alisema, akamwongezea chai.

Kesho yake inzi walimfuata Ismail hadi dukani kwake. Wateja walisubiri awafukuze inzi kwanza, ndipo wakauliza bei za chaja. Duka la dawa walimuuzia mafuta ya mchaichai, hayakusaidia. Shingo ikatoka vitundu vidogo, na mwenyewe akaanza kunukia kama tunda lililolala juani.

Ijumaa alirudi kwa dada yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa."

"Dada, nyumba nimeshaiuza. Tangu mwezi uliopita."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Wote wawili wakawaangalia inzi kama wataondoka. Hawakuondoka.

Mama yao alipofariki Ismail alikuwa bado hajaanza kutembea, na Sabaha ndiye aliyembeba mgongoni katika ua uleule. Sasa alichukua kanga kuukuu, akamzungushia kichwa na shingo, akaacha macho na pua.

"Inabana?"

"Kidogo."

Akalegeza. Inzi walizunguka, wakaenda kutua ukutani kusubiri.

Jumatatu mnunuzi alifika na mafundi. Alisalimiana na Ismail vizuri tu, akamuuliza kama anasikia vyema ndani ya kanga. Kufika adhuhuri mchungwa ulikuwa chini. Severa aliyabeba machungwa kwenye kiroba, wakahamia chumba cha kupanga Buguruni, yeye na Sabaha.

Siku hizi ghorofa la mnunuzi kule Kariakoo limefika juu ya paa la jirani. Kila Ijumaa, baada ya swala, Ismail hufika Buguruni na inzi wake. Sabaha hufunga mlango, humfungua kanga, humwosha shingo kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, kitundu kwa kitundu. Habari za nyumba hawazigusi. Kisha humfunga kanga safi.

"Pumua," humwambia, na husubiri mpaka asikie anapumua.