Tumbaku Haikataliwi

Odilia Nabigon alikuwa amechoka kubembeleza. Binamu yake Ambrose, mwimbaji mkuu wa ngoma ya kijiji chao cha Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa nchi ya maziwa ya kaskazini, alikuwa akikohoa tangu barafu ya ziwani ilipoyeyuka, na kila akiambiwa akapigwe picha ya mapafu mjini, jibu lilikuwa lilelile.

"Anayetafuta ugonjwa huupata. Niache!"

"Kaka yako naye alisema hivyohivyo. Yuko wapi leo?"

Hapo Ambrose huwasha sigara nyingine. Odilia alimpenda mno mbishi huyu, na aliogopa kumzika. Yeye mwenyewe alikuwa akivuta pia, ila kwa kujificha nyuma ya nyumba, na nani wa kumuuliza?

Basi Jumamosi moja, wapiga ngoma wamekusanyika ukumbini, Odilia aliingia na tumbaku ya sala, ile isiyovutwa, imefungwa kwa kitambaa chekundu. Akamnyooshea binamu yake. Ambrose alijua anaombwa wimbo. Si ndiyo kawaida, anayeomba huja na tumbaku? Akaipokea kwa mikono miwili mbele ya watu, bila kuuliza.

"Haya, wimbo gani?"

"Nani kataja wimbo? Jumatatu unapanda gari langu, twende ukapigwe picha."

Loo! Ukumbi mzima uliangua kicheko. Tumbaku ikishapokelewa, ombi limekubaliwa. Mwanishinaabe hairudishi, hata awe mkaidi namna gani.

"Umenitega, mwanamke wewe!"

"Umejitega mwenyewe, mpenda sifa."

Wakaenda. Picha ilionyesha kidoa kidogo kama punje ya mpunga wa ziwani. Saratani. Daktari akasema imewahiwa, haijasambaa, na wakaikata. Odilia alilia pale pale koridoni, wala hakuona haya.

Kiangazi kilichofuata, Ambrose alirudi kwenye ngoma yake akaimba, sauti ileile, pumzi tele. Wanawake walipiga vigelegele. Wazee waliomcheka siku ile walikuwa wameshaanza kugombea nafasi kwenye gari la Odilia, nao wakapigwe picha.

Wimbo ulipokwisha, Ambrose alimjia na kitambaa chekundu. Odilia alijua ni shukrani tu. Akapokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Asante, binamu."

"Asante ya nini? Sijasema ombi langu bado. Toa hiyo paketi ya sigara mfukoni. Na Jumatatu zamu yako kupigwa picha. Naendesha mimi!"

Odilia alifungua mdomo abishe, akaona kijiji kizima kinamtazama. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaitoa paketi.