Jina la Piusi Halifutiki

Jumatatu ya kwanza ya Juni 2003, saa tatu asubuhi, Modest, karani wa kampuni ya kutembeza watalii, alipangusa vumbi la Karatu kwenye kompyuta ya ofisi, akafungua programu ya kuunganisha madereva na ofisi, akachagua jina la Piusi. Akabonyeza kufuta. Programu ikajibu kwamba jina hilo linatumika, haliwezi kufutwa.

Kampuni ilikuwa na utaratibu wake. Kila dereva aliyelala na wageni kwenye loji ya ukingoni mwa kreta alikuwa na jina lake humo, na kabla ya kushuka nao bondeni aliunganisha kompyuta ya loji na ya ofisi kwa simu, akajaza fomu ya hali ya gari. Asiye na jina hashuki. Piusi alikuwa na wiki tatu kaburini, huko Endamarariek, na Modest mwenyewe alishika koleo siku ya kumzika.

Modest aliizima kompyuta, akaiwasha. Aliitoa programu nzima, akaiweka upya kutoka kwenye sidii. Orodha ikaja tupu, isipokuwa Piusi. Saa nne kasorobo modemu ikalia na fomu ikaingia, kama ilivyoingia kila siku tangu mazishi: gari namba tano, tairi nzima, breki hazishiki. Laini ya simu ilikuwa moja, kwa hiyo waliopiga kutoka Arusha walisubiri.

Fomu ya namna hiyo Piusi aliituma asubuhi ya ajali. Bosi wao, Eliamani, aliisoma, akasema ashuke hivyo hivyo, wageni wameshapanda. Wageni walitoka na majeraha, Piusi hakutoka. Jioni yake bosi aliamuru fomu ifutwe, nayo ilifutika mara moja, bila ubishi wowote. Kisha ikaandikwa barua kwamba marehemu alikuwa amelewa. Piusi, mwanakwaya, ambaye hata togwa aliikwepa! Barua hiyo aliichapa Modest kwa mikono yake, na tangu siku hiyo alijichukia.

Jumanne alifika Lukresia, mjane wa Piusi, kitambaa cheusi kichwani, akakaa kwenye benchi mpaka modemu ikalia.

"Ndiye?"

"Ndiye, shemeji."

"Muulize kama alikunywa."

"Fomu haina mahali pa kuuliza. Ni mambo ya gari tu."

"Basi nichapie hiyo ya breki, niwaonyeshe watu."

Modest akamchapia. Eliamani alitoka chumbani kwake na kikombe cha chai. Aliisoma karatasi, akamrudishia kwa upole.

"Pole sana, mama. Lakini tarehe ni ya leo. Nani atapokea ripoti ya marehemu?" Kisha akamgeukia Modest. "Omba laini ya pili. Hii tumwachie Piusi, kazi zisikwame."

Laini ya pili iliunganishwa Ijumaa. Siku hiyo hiyo gari namba tano lilirudi kutoka gereji, limenyooshwa bodi na kupakwa rangi; breki hazikuguswa. Alipewa dereva mpya, Koinet wa Nainokanoka. Modest aliingiza jina lake kwenye orodha, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Halafu roho ikamsuta. Kama jina halimo, Koinet hashuki. Akabonyeza kufuta. Programu ikakataa. Akajaribu tena na tena, mpaka kidole kikamuuma.

Koinet alikuwa mlangoni, akingoja ufunguo.

"Kaka, breki za gari hilo hazishiki," Modest alimwambia.

"Niliziona. Nikikataa, wapo kumi getini wanaitaka kazi." Akapokea ufunguo. "Jina langu limeshaingia?"

"Limeshaingia," alisema Modest.