Mtego wa Fundi Saa

Jirani yangu fundi saa haamini kitu mpaka akifungue mgongo. Ndiyo kazi yake, simlaumu. Kutwa yuko kibandani kwake na lenzi jichoni, anachokoa vidude vidogo kuliko chawa, na mtaani tumemwita Lenzi hadi jina lake limesahaulika. Lakini kuna watu huiacha kazi mlangoni pamoja na viatu, na kuna wanaoingia nayo hadi kitandani. Lenzi ni wa aina ya pili.

Pale kibandani ana ujanja wake. Akilazimika kumpelekea fundi mwenzake saa iliyomshinda, kwanza hulaza uzi mwembamba ndani, chini ya kifuniko. Saa ikirudi na uzi umelala vilevile, anajua mwenzake hakuifungua, kampiga porojo tu. Ni ujanja mzuri, kwa saa. Yeye akauhamishia nyumbani: unyoya kwenye droo, alama ya kalamu kwenye kopo la sukari. Mkewe akiukuta unyoya huucheka na kuurudisha mahali pake. "Mume wangu ana mitego hata ya nzi," aliniambia siku moja, tukacheka mpaka machozi. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Huku kwetu baridi inauma, na nyumba zetu kuukuu zina meko ya ukutani sebuleni, na dohani inayopeleka moshi juu ya paa. Mwaka huo Lenzi aliangusha mti mkubwa uani kwake, akaupasua mwenyewe, akaupanga kibarazani kama mali. Akaapa kwamba hakuna kuni ya kununua itakayoingia nyumba ile. Kuni zenyewe mbichi, ukizitia motoni zinatoka povu na kulia. Sebule ikawa moshi mtupu, na Lenzi, mwenye kifua kibovu tangu zamani, akawa anakohoa mpaka namsikia kwangu, maana tunakaa ukuta kwa ukuta. Ole wako umwambie ni kuni. "Ni baridi hii," atakujibu, macho yamemtoka.

Ndipo akaanza kuja fundi wa dohani.

Mara ya kwanza haikuwa ajabu, dohani husafishwa. Mara ya pili Lenzi aliona alama za baiskeli kwenye tope la uani. Mara ya tatu akakuta vidole vya masizi kwenye kikombe cha wageni. Dohani gani hii, akajiuliza, inayosafishwa kila mara kama meno? Na kilichomchoma zaidi ni moto wenyewe. Siku baiskeli imekuja, moto wa jioni unawaka safi, hauna moshi, na mkewe anaimbaimba. Zikipita siku chache moto unarudi kulia, na mke ananyamaza. Watu husema pafukapo moshi pana moto. Lenzi alianza kuogopa moto usiofuka moshi.

"Yule fundi anakuja kufanya nini?" akamuuliza mkewe.

"Anaangalia dohani tu, baba."

"Tu?"

"Tu. Kunywa chai, inapoa."

Hilo "tu" likamkaa rohoni. Kisha jioni moja akamsikia mkewe jikoni, anaongea na simu kwa sauti ya chini: "Njoo kesho mchana, atakuwa kazini. Asikuone, unamjua alivyo."

Haya aliniambia mwenyewe baadaye, alipokosa mtu mwingine wa kumwambia. Mume mwingine angeuliza tena. Mwingine angefoka, majirani tukajua pa kuanzia kuwasuluhisha. Lenzi alilaza uzi. Asubuhi, mkewe akiwa anaoga, alichukua aproni yake kuukuu ya kazini, akaikunja, akaisukuma ndani ya dohani hadi ikakwama juu, mahali mtu haoni asipoinama. Fundi akipitisha brashi kweli, aproni itaanguka, na yatasemwa. Isipoanguka, basi bwana yule hakufuata dohani. Akaenda kibandani ameridhika na akili zake.

Mchana mvua ikanyesha. Fundi wa dohani akajibanza mahali akingoja ikatike. Mke akangoja, baridi ikamzidi, akafunga madirisha na kuwasha moto kwa kuni za mumewe. Moshi ukarudi sebuleni, lakini moshi ulikuwa haujaacha kurudi tangu mti ule uanguke, hakuona jipya. Akavumilia mpaka kuni zikawa makaa mekundu na moshi ukaisha, akavuta kiti karibu. Kumbe makaa ndiyo mabaya zaidi, hewa yake isipokuwa na pa kutokea. Haina rangi wala harufu. Inakulaza tu.

Lenzi naye kazi ilimshinda. Akafunga kibanda, akarudi kuwafumania.

Nilimwona kwa dirisha langu, ananyata kwenye uwanja wake mwenyewe. Akatega sikio mlangoni. Akazunguka nyuma kutafuta baiskeli, hakuiona. Akarudi, akatega sikio tena, na mvua inamchapa mgongoni. Mle ndani kulikuwa kimya, na kimya kile alikisikia kama cha watu wawili waliobana pumzi. Nilicheka peke yangu nikasema, mzee leo anawinda panya. Mungu anisamehe kicheko kile.

Halafu nikasikia ukelele.

Nilipofika alikuwa anamburuta mkewe nje, kamshika kwapani, shingo ya mama wa watu imelegea. Na nani anaingia uani? Fundi wa dohani, kalowa chapachapa, nyuma ya baiskeli ana mzigo wa kuni kavu zilizofunikwa nailoni. Hakuuliza kitu. Alitupa baiskeli, akashika miguu, tukamlaza kibarazani penye hewa. "Fungua madirisha ukiwa huku nje!" akanipigia kelele. "Asiingie mtu humo!"

Mama alitapika, akafumbua macho, akalia kwamba kichwa kinamuuma. Hospitali walimwekea hewa ya oksijeni.

"Mngechelewa kidogo tu," daktari alisema.

"Kidogo kiasi gani?" Lenzi akauliza. Daktari akamwangalia, akaendelea kuandika. Mimi nilijua Lenzi anapima nini. Alikuwa anapima muda aliosimama pale mlangoni.

Mama aliporuhusiwa, fundi wa dohani alikuja kutafuta chanzo. Nilikuwepo, nimempelekea mgonjwa uji.

"Mzee, sasa nikwambie," fundi alisema huku akipanga brashi zake. "Kuni zako ni mbichi. Moshi wake unaganda kama lami huko ndani, siku moja dohani yenyewe ingeshika moto hadi paani. Mama akaniita niwe nakwangua, na kila nikija nimletee kavu kidogo achanganye. Alisema unazipenda kuni zako, hataki kukuvunja moyo, ila kifua chako kinamtisha."

Akaingiza mkono juu, akavuta. Ikaanguka aproni, imeungua upande mmoja.

Mkewe aliiokota. Ule mfuko wa kifuani aliushona yeye, kwa uzi mwekundu, ili mumewe apate pa kuweka lenzi. Akaushika muda mrefu.

"Hii ni yako."

Akamnyooshea Lenzi.

"Ulitaka nife?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana. Nilitaka kujua kama... kama anasafisha kweli."

Fundi wa dohani alikusanya vitu vyake akatoka bila kuaga. Alielewa kabla yangu.

"Ungeuliza," mkewe akasema.

"Niliuliza. Ukasema anaangalia tu."

Mgonjwa asingekuwa mbele yangu, ningemmwagia Lenzi ule uji.

Sasa nyumba ile inachoma kuni kavu, zimepasuliwa ndogondogo, na dirisha moja huachwa wazi kidogo. Za ule mti zimefunikwa nyuma ya nyumba, zisubiri mwaka ujao. Moto unawaka vizuri, na Lenzi hakohoi tena. Wanakula pamoja, wanaongea, mgeni hawezi kuona kitu. Droo hazina unyoya.

Majuzi nilikwenda kwao jioni kuomba kiberiti. Mke alikuwa anajiandaa kuwasha moto. Alichukua tochi, akapiga magoti mbele ya meko, akapinda shingo, akaanza kumulika juu ndani ya dohani, polepole, kila kona.

"Nimeshaangalia mimi," Lenzi akasema kwa upole kutoka kitini. "Hamna kitu, mama."

"Najua," akamjibu, na akaendelea kumulika.